Milango ya Vioo ya Paneli Nyingi: Mwongozo Kamili wa Kuichagua na Kuipanga Unapokarabati Nyumba

Katika milango ya vioo ya paneli nyingi, paneli huteleza juu ya reli, na mlango unapofunguliwa paneli hupangana moja nyuma ya nyingine ubavuni mwa uwazi. Ukuta uliokuwa na dirisha moja na mlango mwembamba hugeuka kuwa uwazi wa mita tatu, nne au hata sita, na sebule ikaungana na baraza. Hii ni miongoni mwa kazi za ukarabati ambazo kosa lake halifichiki kwa rangi wala kwa plasta: mlango uliopangwa vibaya utagoma kuteleza, utaingiza maji, au vyote viwili.

Wenye nyumba wengi huanza na rangi ya fremu na idadi ya paneli. Ninashauri uanze na vitu viwili visivyoonekana kwenye picha za matangazo, yaani lenta, ile boriti iliyo juu ya uwazi, na kizingiti kilicho chini yake. Kioo kinaweza kubadilishwa na kitasa kinaweza kubadilishwa, lakini lenta iliyolegea na kizingiti kilichokaa mahali pasipofaa haviguswi bila kubomoa upya.

Hatua ya kwanza: Jua uwazi huo utafanya kazi gani

Kabla ya kumwita fundi, chora ramani ndogo ya chumba na baraza kwa vipimo halisi, kisha uonyeshe watu watapita wapi kila siku, viti na meza vitakaa wapi, jua linaingilia upande gani, na upepo wa mvua hupiga kutoka wapi. Weka alama pia kwenye swichi za taa, soketi, mabomba na nyaya zilizo ndani ya ukuta utakaobomolewa, kwa kuwa vyote hivyo vitahitaji kuhamishiwa mahali pengine, na fundi umeme hupenda kujua mapema kuliko kuitwa nyundo ikiwa tayari imeanza kazi.

Zingatia kwamba sehemu kubwa ya mwaka mlango huu utakuwa umefungwa, au umefunguliwa paneli moja tu. Kwa hiyo jiulize jinsi utakavyoonekana ukiwa umefungwa, na mtu aliyebeba sinia kwa mikono miwili atapitia wapi. Paneli ya matumizi ya kila siku iwe ile iliyo karibu na jikoni au na njia kuu ya chumba, si ile iliyo nyuma ya kochi.

Katika hatua hii utakutana pia na milango ya kukunja, ambayo paneli zake zimeunganishwa kwa bawaba. Sifa yake ni kwamba hufungua karibu uwazi wote. Gharama yake ni kwamba paneli hukunjikia nje au ndani na kuchukua nafasi ya baraza au ya chumba, nguzo zake za fremu ni nyingi zaidi zikifungwa, na bawaba zake huhitaji kurekebishwa mara kwa mara. Ambaye anathamini mandhari akiwa ndani kuliko uwazi wa siku chache za sherehe atafaidika zaidi na milango ya kuteleza. Aina ya tatu ni ile ambayo paneli huteleza na kupotelea ndani ya ukuta. Inapendeza sana, lakini huhitaji ukuta wa ziada wenye pango lisiloingiza maji, na katika nyumba iliyokwisha kujengwa mara nyingi hilo humaanisha kujenga ukuta mpya kando ya ule wa zamani.

Hatua ya pili: Lenta na uzito ulio juu

Kwanza thibitisha kama ukuta unaotaka kuufungua unabeba paa au ghorofa. Usikisie kwa kuugonga. Mwite mhandisi wa majengo akague, achore na akokotoe, na ufuatilie kibali cha ujenzi pale kinapotakiwa kisheria. Uzito uliokuwa umeenea kwenye ukuta mzima sasa utakusanywa na boriti moja na kushushwa kwenye ncha zake mbili, kwa hiyo hata msingi ulio chini ya ncha hizo huenda ukahitaji kuimarishwa.

Mlango wa kuteleza una dai lingine ambalo ukuta wa kawaida hauna: lenta haipaswi kushuka kiasi cha kubana fremu ya juu. Kikomo ambacho wahandisi hukitumia mara nyingi kwa boriti zilizobeba vitu vinavyopasuka kirahisi ni sehemu moja ya 360 ya urefu wake. Kwa uwazi wa mita 3.6 hiyo ni milimita 10. Boriti inayoshuka milimita 10 iko salama kabisa kimuundo, lakini milimita hizo 10 zinatosha kuizuia paneli isisogee. Kwa hiyo muulize mtengenezaji wa mlango ni kiasi gani cha kushuka ambacho fremu yake inaweza kuvumilia, kisha mpe mhandisi namba hiyo kabla hajachagua ukubwa wa boriti. Fikiria pia wakati. Boriti ya zege huendelea kushuka kidogo kidogo kwa miezi na hata miaka baada ya kuondolewa nguzo za muda, na ndiyo sababu mlango husimikwa baada ya uzito wote wa paa na kuta za juu kuwa tayari umetua, huku nafasi ikiachwa kati ya lenta na fremu.

Hatua ya tatu: Kizingiti, mahali ambapo kazi hufaulu au huharibika

Kizingiti kina kazi tatu zinazogombana: kubeba uzito wa paneli, kuzuia maji, na kumruhusu mtu apite bila kujikwaa. Kila mwenye nyumba anataka sakafu ya ndani na ya nje zilingane kama uso mmoja, na hilo linawezekana, lakini lina masharti.

Maji ya mvua yanayopiga kioo hushuka hadi kwenye reli, hujikusanya humo, kisha hutoka nje kupitia matundu madogo yaliyo upande wa mbele wa fremu. Kinachoyazuia yasigeukie ndani ni ukingo wa ndani wa kizingiti. Hesabu yake ni nyepesi: kila milimita moja ya kimo cha maji hukinza shinikizo la takriban paskali 10. Upepo wa kilomita 72 kwa saa ukiupiga ukuta ana kwa ana hutoa shinikizo la paskali 240 hivi, maana yake upepo huo unaweza kuyashikilia maji ndani ya reli yakiwa yamesimama karibu milimita 25, yakishindwa kutoka kwa sababu upepo unayarudisha. Kizingiti chenye ukingo wa milimita 10 pekee, mahali pasipo na paa la kukinga, kitafurika kuelekea sebuleni katika dhoruba ya namna hiyo, hata kama kila kitu kingine kimefanywa kwa ustadi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ikiwa baraza ina paa pana linalouzuia upepo wa mvua usifikie kioo, chagua kizingiti bapa bila hofu. Ikiwa mlango uko wazi kwa upepo, kubali ukingo ulioinuka, au uzamishe fremu ndani ya sakafu ili ukingo huo ufichwe na unene wa vigae vya ndani, huku mbele yake kukiwa na mfereji wenye wavu wa chuma unaopeleka maji mbali. Njia hii ya kuzamisha ndiyo inayotoa uso mmoja wa sakafu kwa uaminifu, lakini ni lazima iamuliwe kabla zege halijamwagwa au halijakatwa. Mfereji uwe na mahali pa kutolea maji panapofanya kazi kweli, kwa kuwa mfereji usio na njia ya kutoka ni birika lililowekwa mlangoni.

Sasa panga vimo. Chukua sakafu ya ndani: ukiweka vigae vya milimita 10 juu ya gundi ya milimita 5 na tabaka la kusawazisha la milimita 40, sakafu ya mwisho itakuwa milimita 55 juu ya zege. Fanya hesabu hiyohiyo kwa upande wa nje, kisha uandike namba zote mbili kwenye mchoro mmoja ambao fundi wa zege, fundi wa vigae na fundi wa milango wote watautumia. Sakafu ya nje iteremke kutoka mlangoni kwa kiasi cha sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Chini ya fremu panapaswa kuwa na utando usiopitisha maji, uliopandishwa nyuma na kwenye ncha zote mbili kama sinia, na ulioungana na kizuia unyevu cha ukuta. Pembe za utando huo ndizo huvuja kwanza, kwa hiyo ziangalie kwa macho yako kabla hazijafunikwa.

Jambo moja dogo huharibu kizingiti kilichojengwa vizuri: fundi wa vigae hufika mwisho, hujaza saruji nyeupe kwenye kiungo kati ya kigae na fremu, na kidole chake kinapolainisha kiungo hicho kinaziba matundu ya kutolea maji. Hakuna atakayegundua mpaka mvua ya kwanza. Bandika utepe juu ya matundu kabla vigae havijawekwa, na uuondoe wewe mwenyewe kazi ikiisha.

Hatua ya nne: Idadi ya paneli, reli na upande wa kufungukia

Ukubwa wa uwazi utakaoupata hauamuliwi na idadi ya paneli peke yake, bali na namna zinavyopangana. Chukua uwazi wa mita 3.6. Paneli tatu za mita 1.2 juu ya reli tatu, zote zikielekea upande mmoja, zitakuachia theluthi mbili, yaani mita 2.4. Paneli nne za sentimita 90 juu ya reli nne, zikielekea upande mmoja, zitakuachia mita 2.7. Lakini paneli hizohizo nne zikiwekwa juu ya reli mbili, mbili za pembeni zikiwa hazisogei na mbili za kati zikiachana, zitakuachia nusu tu, mita 1.8. Muuzaji anaweza kusema “paneli nne” akimaanisha lolote kati ya haya mawili, kwa hiyo dai mchoro wenye mishale.

Punguza pia kidogo kwenye kila namba. Vitasa vilivyochomoza huzuia paneli zisipangane hadi mwisho, na viungo ambako paneli hushikana huchukua sentimita kadhaa. Omba kipimo cha njia halisi ya kupita mlango ukiwa wazi kabisa, kiandikwe kwenye oda.

Kila reli inayoongezwa hunenepesha fremu. Fremu ya reli nne inaweza kuwa pana kuliko ukuta wenyewe, na hapo itabidi uamue kama itachomoza ndani au nje na jinsi mwanya huo utakavyofunikwa. Ndiyo maana kwa uwazi wa mita tatu hadi nne ninapendelea paneli tatu pana kuliko nne nyembamba: nguzo chache mbele ya macho, reli moja pungufu ya kusafisha, na uwazi unaopungua ukilinganisha na paneli nne ni mdogo. Kwa mita sita, paneli sita za mita moja zinazoachana katikati, tatu kila upande, hutoa mita nne kwa kutumia reli tatu tu, jambo ambalo ni vigumu kulishinda.

Upana una kikomo chake, nacho ni uzito. Kioo huwa na kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Paneli ya mita 1.2 kwa 2.4 yenye vioo viwili vya milimita 6 itakuwa na kilo 86 za kioo pekee, na ukiongeza fremu inakaribia kilo 100. Ikiwa kwenye magurudumu mazuri, mtoto ataisukuma. Ikiwa kwenye magurudumu dhaifu ya plastiki, mtu mzima atahangaika nayo. Uliza magurudumu yameidhinishwa kubeba kilo ngapi, kama yana beringi za chuma kisichoshika kutu, na kama yanaweza kubadilishwa bila kung’oa fremu. Uliza pia paneli hiyo itapitishwa wapi hadi ifike ukutani, kwa sababu ngazi na korido nyembamba zimewahi kukwamisha kazi nyingi.

Hatua ya tano: Fremu

Alumini hutumika zaidi kwa sababu ni imara na nyepesi, na fremu zake zinaweza kuwa nyembamba. Udhaifu wake ni kwamba hupitisha joto kwa urahisi, kwa hiyo mahali penye baridi kali au panapotumika kiyoyozi sana, tafuta fremu ambayo sehemu yake ya ndani na ya nje zimetenganishwa kwa ukanda wa nailoni ngumu. Alumini pia hutanuka: fremu ya mita 6 ikipata tofauti ya joto la nyuzi 40 huongezeka urefu kwa milimita 5 na nusu hivi, na zenye rangi nyeusi juani hupata joto zaidi. Fremu iliyobanwa kwa saruji pande zote haina pa kutanukia. Plastiki ngumu huhifadhi joto vizuri na haishiki kutu, lakini hutanuka zaidi ya alumini na huhitaji vyuma ndani ili isipinde. Mbao ni nzuri kwa macho na kwa kuhifadhi joto, mradi mwenye nyumba awe tayari kuzipaka rangi au mafuta kwa ratiba.

Karibu na bahari, uliza unene wa rangi ya unga (ile inayonyunyiziwa ikiwa unga kisha kuokwa) na daraja la chuma cha skrubu na vitasa. Chuma kisichoshika kutu cha daraja 316 hustahimili chumvi vizuri kuliko 304.

Hatua ya sita: Kioo

Kwa usalama, kioo cha mlango kiwe cha kukazwa kwa joto, ambacho kikivunjika hugeuka punje ndogo zisizo na makali marefu, au kiwe cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki, ambacho kikivunjika hubaki kimeshikana. Kwa mlango wa chini unaofikiwa na wezi, cha tabaka ni bora zaidi kwa sababu hakipitiki kirahisi hata kikiwa kimepasuka. Paneli zikipangana juani, joto hunaswa katikati yake, na kioo cha rangi ambacho hakijakazwa kinaweza kupasuka kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu joto, kioo kimoja hupoteza takriban wati 5.8 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Vioo viwili vyenye hewa katikati hupunguza kiasi hicho hadi karibu nusu, na vikiwa na upako maalumu wa metali usioonekana pamoja na gesi ya argoni hushuka hadi kati ya 1.1 na 1.4. Lakini mahali pa jua kali, namba muhimu zaidi ni sehemu ya joto la jua inayopenya, na hapo upako wa kuzuia jua hufaa kuliko kioo cha giza, ambacho hupunguza mwanga huku chenyewe kikipata moto. Kinga ya nje, iwe ni paa la baraza au vibao vya kivuli, hushinda pazia la ndani, kwa kuwa pazia hupokea joto ambalo tayari limeingia chumbani. Kwa mlango unaotazama magharibi, paa peke yake halitatosha, kwani jua la alasiri huwa chini.

Wavu wa wadudu, mapazia na makomeo yaamuliwe sasa. Wavu wa kuviringishwa au wa kukunja huhitaji nafasi kwenye fremu, na kuuongeza baadaye ni kazi ya kubahatisha. Hakikisha kila paneli inayosogea ina kizuizi cha kuifanya isiweze kuinuliwa kutoka kwenye reli yake, na kwamba komeo hushika sehemu zaidi ya moja. Nyumba yenye watoto au wazee inahitaji alama ndogo kwenye kioo, kwenye usawa wa macho, ili mtu asikivae akidhani pako wazi.

Hatua ya saba: Vipimo na oda

Kioo kilichokazwa hakikatwi tena, kwa hiyo kosa la kipimo hulipiwa kwa kioo kipya. Pima upana juu, katikati na chini, na kimo kushoto, katikati na kulia, kisha utumie kipimo kidogo kuliko vyote. Pima pia mishazari yote miwili, kutoka pembe hadi pembe inayoikabili, na uilinganishe, ili ujue kama uwazi umenyooka. Acha milimita 10 hivi kila upande kwa ajili ya kabari, povu na silikoni, au kiasi kilichotajwa na mtengenezaji. Fundi atakayetengeneza mlango ndiye apime kwa mara ya mwisho na atie sahihi, ili jukumu lisitangetange kati yake na mjenzi.

Hatua ya nane: Ufungaji na majaribio

Kitako cha kizingiti kisawazishwe kwa pimamaji ndefu au kifaa cha mwanga wa leza, na tofauti isizidi milimita 2 au 3 kwa urefu wote. Kabari ziwekwe chini ya kila sehemu inayobeba magurudumu, si kwenye ncha tu. Alumini isiguswe na saruji mbichi, kwa sababu tope lake huunguza upako, kwa hiyo acha karatasi za kinga mpaka lipu ikauke. Lakini usiziache juani kwa miezi, kwani gundi yake hung’ang’ania.

Kabla ya kumaliza kuta za ndani na kabla ya malipo ya mwisho, fanya jaribio la maji. Funga mlango, nyunyizia kwa bomba kuanzia chini, ukae hapo dakika kadhaa, ndipo uelekee juu pole pole, huku mtu mwingine akiwa ndani na tochi na karatasi kavu kwenye pembe za kizingiti. Ukianza juu, maji yataenea kote na hutajua yameingilia wapi. Kisha fungua na ufunge kila paneli mara kadhaa: isiburuze, isijisogeze yenyewe ikiachwa katikati, na komeo liingie bila kuinuliwa kwa mkono. Paneli inayoteleza peke yake inaonyesha reli haijakaa sawa, na tatizo hilo halirekebishwi kwa skrubu za magurudumu.

Baada ya hapo, matunzo ni machache. Fyonza mchanga kwenye reli kila wiki au mbili, kwa kuwa mchanga ndio unaosaga magurudumu, na usitumie grisi, maana huushika. Dawa ya silikoni kavu inatosha. Mwagia kikombe cha maji kwenye reli kabla ya msimu wa mvua na utazame kama yanatoka kwa nje. Weka mahali pamoja michoro, namba ya aina ya magurudumu na maelekezo ya kurekebisha kimo cha paneli, ili fundi wa miaka ijayo asilazimike kukisia.